Kurt Masur: Fundi wa umeme aliyeongoza okestra na kutuliza mji

KURT Masur, mwongozaji wa okestra na profesa wa muziki kutoka Ujerumani, alizaliwa Julai 18, 1927 katika mji wa Brieg, eneo la Silesia, na akaaga dunia Desemba 19, 2015 mjini Greenwich, nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 88. Aliongoza Okestra ya Gewandhaus ya Leipzig kwa miaka 26, akaongoza New York Philharmonic kwa miaka 11, na kufundisha vijana kazi hiyo hadi mikono yake iliposhindwa kutulia.

Hata hivyo, wapo watu wengi wasioijua simfonia hata moja ambao humkumbuka kwa sababu ya saa chache za jioni ya Oktoba 9, 1989, wakati sauti yake ilipotoka katika vipaza sauti vya mji uliokuwa ukingojea kumwagika damu.

Pengine ni vyema tuanze kwa kueleza kazi yenyewe. Wazungu humwita mtu huyu kondakta, neno ambalo kwetu limekwisha kutwaliwa na matatu, na ambalo haliwezi tena kuondolewa huko. Mwongozaji wa okestra hapigi ala yoyote jukwaani. Husimama mbele ya wapigaji wapatao themanini au mia moja, wenye fidla, selo, filimbi, tarumbeta na ngoma, akawapa mwendo kwa ishara za mikono. Ndiye aamuaye wimbo uende kasi au polepole, nani asikike na nani ajizuie. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika wakati wa mazoezi, ambapo hadhira haipo.

Kidole kisichonyooka

Babake Masur alikuwa fundi wa umeme mwenye duka lake, na kijana huyo alijifunza ufundi huo huo kabla ya kupata nafasi ya kuufuata muziki. Kati ya 1942 na 1944 alisomea piano na selo katika shule ya muziki ya Breslau, mji ambao leo unaitwa Wroclaw na uko nchini Poland. Brieg nako, baada ya vita, kulitwaliwa na Poland na kuitwa Brzeg. Kwa hivyo Masur alikuwa miongoni mwa mamilioni ya Wajerumani ambao mji wao wa kuzaliwa uligeuka kuwa nchi ya wengine.

Alipokuwa na umri wa miaka 16, madaktari walimwambia kwamba kano ya kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia ilikuwa na kasoro isiyotibika. Kidole hicho kisingenyooka tena. Kwa mpiga piano, hiyo ilikuwa hukumu. Hapo ndipo alipoamua kwamba kama hawezi kupiga, basi ataongoza. Katika utu uzima wake, hadhira ilizoea kumwona akiongoza mikono mitupu, bila kile kijiti ambacho waongozaji wengi hukishika, na kidole hicho kilikuwa sehemu ya sababu.

Miezi ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia ilimkuta jeshini. Aliponusurika, alienda Leipzig mnamo 1946 kujiunga na chuo cha muziki cha mji huo, ambako miongoni mwa walimu wake alikuwa Heinz Bongartz. Hakumaliza. Mnamo 1948, akiwa na umri wa miaka 21, aliacha masomo ili kuchukua kazi katika jumba la opera la Halle. Chuo hicho alichokiacha bila shahada kilimpa uprofesa mwaka wa 1975.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda ngazi moja moja, kama ilivyo desturi ya Wajerumani katika fani hii: Erfurt, kisha opera ya Leipzig, kisha okestra ya Dresden Philharmonic kuanzia 1955, halafu Schwerin. Kutoka 1960 hadi 1964 alikuwa katika opera ya Komische Oper mjini Berlin, chini ya mwelekezi mashuhuri Walter Felsenstein, mtu aliyeshikilia kwamba mwimbaji hana budi kuwa mwigizaji. Mnamo 1967 alirudi Dresden, safari hii akiwa mkuu wa okestra.

Kiti cha Mendelssohn

Mwaka wa 1970 Masur alitawazwa Gewandhauskapellmeister, yaani mkuu wa muziki wa Gewandhaus. Ili kuelewa uzito wa cheo hicho, yafaa tuitazame historia kidogo.

Okestra hiyo ilianzishwa na wafanyabiashara wa Leipzig mnamo 1743. Haikuwa mali ya mfalme wala ya kanisa, jambo lililokuwa nadra katika zama hizo. Jina lake latokana na jumba la wauza nguo ambamo ilipata ukumbi mwaka wa 1781. Mtunzi Felix Mendelssohn aliiongoza kuanzia 1835 hadi alipofariki mnamo 1847, na ndiye pia aliyeanzisha chuo cha muziki cha mji huo mwaka wa 1843.

Kiti hicho, hata hivyo, hakijawahi kuwa mbali na siasa. Bruno Walter, aliyekikalia tangu 1929, alifukuzwa na Manazi mnamo 1933 kwa sababu alikuwa Myahudi. Mwaka wa 1936 sanamu ya Mendelssohn iliyokuwa mbele ya Gewandhaus ilibomolewa usiku kwa sababu hiyo hiyo ya asili yake ya Kiyahudi, ingawa marehemu alikuwa Mkristo na alikuwa kaburini kwa karibu miaka 90. Ukumbi wenyewe uliharibiwa kwa mabomu wakati wa vita. Naye Václav Neumann, raia wa Czechoslovakia aliyemtangulia Masur, aliondoka mwaka wa 1968 kwa hasira baada ya majeshi ya Warsaw kuivamia nchi yake.

Masur basi aliingia mahali ambapo mwenziwe alitoka kwa kugoma. Hilo ni jambo ambalo wakosoaji wake hawakulisahau. Hakuwa mpinzani wa serikali ya Ujerumani Mashariki. Alisafiri nje pamoja na okestra yake wakati raia wa kawaida hawakuruhusiwa kuvuka mpaka, na aliweza kufika moja kwa moja kwa kiongozi wa nchi, Erich Honecker. Uhusiano huo ndio uliomwezesha kupata kile alichokitaka zaidi ya vyote: ukumbi mpya.

Jiwe la msingi liliwekwa mnamo Novemba 1977, na ukumbi ukafunguliwa Oktoba 8, 1981, miaka 200 baada ya ule wa kwanza. Una viti vipatavyo 1,900 vinavyoizunguka okestra pande zote. Simfonia ya tisa ya Beethoven ilikuwa miongoni mwa kazi zilizopigwa siku hiyo. Nchi iliyokuwa na upungufu wa saruji na nyumba za kuishi haikujenga ukumbi mwingine mpya wa okestra katika uhai wake wote. Kwenye uwanja huo huo, miaka 13 kabla, serikali hiyo hiyo ililipua kwa baruti kanisa la kale la chuo kikuu. Mji uliovunjiwa kanisa ukajengewa ukumbi, na mtu aliyeufuatilia ujenzi huo hatua kwa hatua alikuwa Masur.

Ajali ya barabarani ya mwaka wa 1972 nayo yafaa kutajwa. Masur alikuwa usukani. Mkewe wa pili, Irmgard, alifariki na yeye mwenyewe akaumia vibaya. Miaka mitatu baadaye alimwoa mwimbaji wa Kijapani Tomoko Sakurai, ambaye alikuwa naye hadi kifo chake. Mwana wao, Ken-David Masur, alifuata kazi ya baba na mnamo 2019 akawa mkurugenzi wa muziki wa okestra ya Milwaukee.

Katika miaka hiyo Masur na Gewandhaus walirekodi simfonia zote za Beethoven na za Mendelssohn, pamoja na nyimbo nne za mwisho za Richard Strauss wakiwa na mwimbaji Mmarekani Jessye Norman. Rekodi hii ya mwisho, ya mwaka wa 1982, ndiyo ambayo mwandishi wa makala haya angempa mgeni anayetaka kuanza kumsikiliza Masur. Mwendo wake ni wa polepole kuliko wengi wanavyouthubutu, na okestra haimfuniki mwimbaji hata mara moja.

Oktoba 9, 1989

Mwanzo wa kisa hiki ulikuwa mdogo. Mnamo Juni 1989 polisi wa Leipzig walivunja tamasha la wanamuziki wa mitaani na kuwakamata vijana waliokuwa na magitaa na fidla. Masur aliwaalika wanamuziki hao na wakuu wa mji katika Gewandhaus mwezi wa Agosti ili wazungumze mbele ya watu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kusikia raia wakimjibu afisa wa serikali hadharani.

Wakati huo huo, maombi ya amani yaliyokuwa yakifanywa kila Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai yalikuwa yameanza kugeuka maandamano. Kila wiki watu waliongezeka. Oktoba 7, taifa lilipokuwa likisherehekea kutimiza miaka 40, polisi waliwapiga waandamanaji katika miji kadhaa, Leipzig ukiwa mmojawapo. Siku moja kabla ya hapo, gazeti la chama lilichapisha barua ya kamanda wa kikosi cha wafanyakazi wenye silaha aliyesema kwamba wako tayari kuulinda usoshalisti, na ikibidi kwa bunduki mkononi.

Kila mtu alikumbuka Beijing. Ilikuwa imepita miezi minne tu tangu wanajeshi wa China wawapige risasi wanafunzi karibu na uwanja wa Tiananmen, na bunge la Ujerumani Mashariki lilikuwa limeunga mkono hatua hiyo. Jumatatu, Oktoba 9, polisi, askari na mgambo wapatao 8,000 walikusanywa Leipzig. Uvumi ulienea kwamba hospitali zimeagizwa kuweka akiba ya damu. Wazazi waliambiwa wawachukue watoto mapema kutoka shule za chekechea za katikati ya mji.

Mchana huo watu sita walikutana nyumbani kwa Masur. Watatu walikuwa makatibu wa chama tawala katika wilaya ya Leipzig: Kurt Meyer, Jochen Pommert na Roland Wötzel. Wengine walikuwa mwanatheolojia Peter Zimmermann, mchekeshaji Bernd-Lutz Lange, na mwenyeji wao. Makatibu hao hawakuwa na idhini ya Berlin kufanya walilolifanya. Wakaandika tamko fupi, sentensi chache tu: kwamba wasiwasi wa pamoja umewaleta pamoja, kwamba nchi yahitaji mazungumzo huru, kwamba wao wataahidi kutumia uwezo wao ili mazungumzo hayo yafike hadi serikalini, na kwamba wanaomba utulivu kwa kila mtu.

Nani angelisoma? Kama lingesomwa na mtu wa chama, hakuna ambaye angeliamini. Kama lingesomwa na mchungaji, askari wasingelitii. Masur ndiye aliyekubalika pande zote mbili. Aliisoma kwa sauti yake nzito, ikarekodiwa, na ikapelekwa kwenye mtandao wa vipaza sauti uliokuwa umetundikwa mitaani kote. Nakala zilipelekwa makanisani zikasomwa mwishoni mwa maombi.

Jioni hiyo watu wapatao 70,000 walitembea kuuzunguka mji, wakapita mbele ya makao ya idara ya ujasusi ya Stasi, wakiwa na mishumaa. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Muda mfupi baadaye Masur alipanda jukwaani kama ilivyopangwa katika ratiba, akaongoza kazi ya Richard Strauss kuhusu mzaha wa Till Eulenspiegel, na simfonia ya pili ya Brahms. Siku tisa baadaye Honecker alijiuzulu. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 9, mwezi mmoja kamili baada ya usiku ule.

Je, ni Masur aliyezuia umwagaji wa damu? Wanahistoria wengi hawalisemi hivyo. Amri ya kurudi nyuma ilitolewa na wakuu wa wilaya, hasa kaimu katibu wa chama Helmut Hackenberg, ambaye alikuwa akingoja maagizo kutoka Berlin na hakuyapata kwa wakati. Umati ulikuwa mkubwa kuliko hesabu zote za polisi. Waandamanaji wenyewe walijizuia wasirushe hata jiwe, na hao ndio waliobeba hatari kubwa zaidi, kwani hawakuwa na jina la kuwakinga. Lakini ni kweli pia kwamba umati ukiwa gizani na askari wakiwa na woga, jiwe moja tu latosha. Tamko lile liliwapa askari sababu ya kungoja na umati sababu ya kutulia, na lisingekuwa na uzito wowote bila sauti ya mtu aliyelisoma. Ule ukaribu wake na wakubwa, ambao wapinzani walimlaumu kwao, ndio uliomfanya asikike ndani ya kambi ya polisi.

Mwaka huo huo Leipzig ulimpa uraia wa heshima. Jina lake lilitajwatajwa hata kwa wadhifa wa urais wa nchi, naye akasema kazi yake ni muziki. Oktoba 2, 1990, usiku wa kuamkia kuungana kwa Ujerumani, ndiye aliyeongoza simfonia ya tisa ya Beethoven katika sherehe rasmi mjini Berlin.

New York

New York Philharmonic, okestra iliyoanzishwa mnamo 1842, ilimteua mwaka wa 1990 kumrithi Zubin Mehta, naye akaanza kazi 1991 huku akiendelea kushikilia Leipzig hadi 1996. Uteuzi huo uliwashangaza baadhi ya wahakiki wa Marekani, waliotarajia jina lenye mvuto zaidi. Wapigaji wa okestra hiyo walikuwa na sifa mbili zilizojulikana kote: walikuwa hodari, na walikuwa wakaidi. Mara nyingi walimla hai mwongozaji asiyejua anachokitaka.

Masur alijua. Alikuwa mkali, mrefu, mwenye ndevu, na hakuwa na haya ya kurudia sehemu moja mara nyingi. Baada ya misimu michache wahakiki walikiri kwamba okestra ilikuwa imerudisha nidhamu na sauti yenye joto. Lakini hakupatana na uongozi wa utawala, na mkataba wake ulipofikia tamati yeye mwenyewe alieleza wazi kwamba hakuwa akiondoka kwa hiari. Aliondoka mwaka wa 2002.

Kabla ya kuondoka, mji ule ulimhitaji. Msimu mpya wa 2001 ulipangwa kuanza Septemba, na mashambulizi ya Septemba 11 yakatokea. Sherehe za ufunguzi zilifutwa. Septemba 20 Masur aliongoza Requiem ya Kijerumani ya Brahms, iliyorushwa kwa televisheni nchini kote. Kazi hiyo si misa ya kumwombea marehemu kwa Kilatini kama zilivyo nyingine. Brahms alichagua maneno ya Biblia ya Kijerumani yanayowaliwaza waliobaki hai. Mwishoni mwa mwaka huo, akiwa mgonjwa tayari, Masur alipandikizwa figo.

Watu wengi wa umri wake wangepumzika. Yeye aliiongoza London Philharmonic kutoka 2000 hadi 2007 na okestra ya taifa ya Ufaransa kutoka 2002 hadi 2008. Siku alipotimiza miaka 80, Julai 18, 2007, aliziweka okestra hizo mbili jukwaa moja katika Royal Albert Hall mjini London na kuwaongoza katika simfonia ya saba ya Bruckner.

Mwalimu

Uprofesa wa Leipzig haukuwa wa mapambo. Masur alifundisha kwa imani kwamba mwongozaji ni mtumishi wa mtunzi, na kwamba ishara nzuri ya mkono haiwezi kuficha ujinga wa maandishi ya muziki. Alikuwa na semina ya waongozaji vijana katika chuo cha Manhattan School of Music mjini New York, na nyingine mjini Bonn, katika nyumba alimozaliwa Beethoven, ambako wanafunzi waliweza kuzisoma simfonia karibu na hati za mtunzi mwenyewe. Mwenye kutafuta tofauti kati ya mwongozaji mwenye jina na mwongozaji mwalimu ataipata hapa: katika semina hizo mwanafunzi ndiye aliyesimama mbele ya okestra, na mzee akaketi pembeni.

Mradi mwingine uliomshughulisha ni nyumba ya Mendelssohn. Nyumba ya Leipzig alimofia mtunzi huyo ilikuwa ikibomoka. Masur alisimamia wakfu ulioanzishwa mnamo 1991 kwa ajili ya kuiokoa, na mnamo Novemba 1997, miaka 150 baada ya kifo cha mtunzi, nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ilikuwa njia ya kulipa deni la sanamu iliyovunjwa 1936. Huko Israel, ambako Mjerumani wa kizazi chake hakutarajia kupokewa kwa urahisi, okestra ya taifa hilo ilimpa mnamo 1992 cheo cha heshima cha maisha.

Mnamo Aprili 2012, akiongoza mjini Paris, alianguka kutoka jukwaani na kuvunjika mfupa wa bega. Baadaye mwaka huo alitangaza kwamba ana maradhi ya Parkinson. Aliendelea kuonekana kwa muda, wakati mwingine akiongoza akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, mikono ikitetemeka na okestra ikimfuata kwa macho.

Alifia Marekani lakini hakuzikwa huko. Mnamo Januari 2016 jeneza lake lilipelekwa katika Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, lile alimofanya kazi Bach, kisha akazikwa katika makaburi ya kusini ya mji huo. Taasisi yenye jina lake, inayohifadhi urithi wake na kuwasaidia vijana wa muziki, iko katika nyumba ya Mendelssohn.